Upande cheo, lakini upande ukiwa mzima

Ndugu mtumishi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani mbele ya mume kurudi kazini,

Mara nyingi tunakuambia hapa juu ya vitu vya kuvaa: kofia, viatu vyenye chuma mbele, miwani, maski ya vumbi, mkanda kwa wale wanaotumika mahali pa juu. Leo tutasema juu ya kitu kisichotolewa magazini, wala hakiandikwi kwenye karatasi ya vifaa, lakini kila mtu anashuka nacho shimoni kila siku. Kitu hicho ni tamaa ya kupanda. Ni hamu ya kuwa kapita, ya kutoka ukapita na kuwa shefu, ya kupata primu kubwa kuliko ya jirani, ya kusikia jina lako likitajwa mbele ya watu wote asubuhi.

Hatusemi ya kuwa tamaa hiyo ni mbaya. Mtu asiyetamani kitu hajifunzi kitu. Fundi wa umeme unayemwona leo akisoma plani ya mashini, jana alikuwa anamshikia mwingine taa. Kama hangetamani, angebaki na taa mkononi mpaka pensheni. Tunauliza neno moja tu: tamaa hiyo, wewe unaiongoza, ama inakuongoza?

Hapa kwetu Katanga jambo hili lina mizizi mirefu. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Miaka ya kwanza watu waliletwa kutoka mbali, wakatumika miezi michache, wakarudi kwao. Kuelekea mwaka 1928 mambo yakageuka: mkataba ukawa wa miaka 3, mtumishi akaruhusiwa kuja na bibi na watoto, zikajengwa kambi, shule na hospitali. Tangu siku zile, nyumba, posho ya unga, shule ya mtoto na kitanda cha mgonjwa vikashikamana na namba ya kazi ya baba. Watu wakasema kampani ndiyo baba na mama. Basi usishangae kama mpaka leo mtu wa Likasi ama Kolwezi akitafuta cheo hatafuti feza peke yake. Anatafuta kiti kizuri kwenye kilio, anatafuta sauti mbele ya wakwe, anatafuta ndugu wa kijijini waseme: huyu amefika.

Mzigo huo wote anashuka nao shimoni, na shimo halijui habari za wakwe.

Bwana Mbio na fimbo ya chuma

Tumfikirie mtu mmoja. Si mtu wa kweli, ni mfano, na tumwite Bwana Mbio. Ana miaka 34, anajua kutoboa mwamba vizuri kabisa. Siku moja anasikia ya kuwa kapita wao atapumzika mwisho wa mwaka. Tangu siku ile Bwana Mbio si mtu yule yule. Anafika wa kwanza, anatoka wa mwisho. Siku ya kupumzika anaomba apewe kazi. Mpaka hapo watu wanamsifu.

Unajua kazi ilivyo nyuma ya baruti kulipuka. Kwanza moshi na hewa mbaya vitoke. Halafu mtu anachukua fimbo ndefu ya chuma, anasimama mahali palipokwisha kukaguliwa, anagonga dari ya mwamba polepole huku anasikiliza. Jiwe lililoshikamana linalia kama kengele. Jiwe lililolegea linatoa sauti ya ngoma, na hilo linaangushwa mbele ya mtu yeyote kupita chini yake. Ni kazi ya uvumilivu. Hakuna hata kamyo moja inayojaa wakati unagonga dari.

Siku moja Bwana Mbio anagonga nusu tu. Hakuna kilichoanguka. Siku ile ekipi yake inatoa kamyo nyingi kuliko zote, na shefu anamwambia: «Umefanya vizuri.» Tazama sasa mahali ubaya unapoingia. Shefu hakujua kilichorukwa. Aliona hesabu ya kamyo tu. Na jiwe halikumwadhibu, maana jiwe lililolegea linaweza kukaa siku nyingi mahali pake. Basi Bwana Mbio amefundishwa mara mbili kwa siku moja: shefu amemfundisha ya kuwa haraka ina sifa, na mwamba umemfundisha ya kuwa haraka haina hatari. Mafundisho yote mawili ni uongo, lakini hakuna mwalimu mwenye nguvu kuliko jambo ambalo halikutokea. Kesho yake anagonga robo. Nyuma ya mwezi mmoja, kile kilichokuwa kosa kimekuwa desturi ya ekipi.

Halafu inakuja siku yake. Jiwe halimwangukii Bwana Mbio. Linamwangukia kijana wa miezi 3 kazini, ambaye alikuwa anasimama popote Bwana Mbio anaposimama, maana kwake ule ndio ulikuwa mfano wa fundi. Mguu umevunjika mahali pawili na goti limekwisha. Jioni Bwana Mbio anakwenda hospitali, anamkuta mama ya kijana amekaa kwenye mkeka. Mama hapigi kelele. Anamwuliza tu: «Papa, kule chini munakimbilia nini?»

Na Bwana Mbio, mtu wa maneno mengi, hana la kujibu. Angesema nini? Cheo chenyewe hakijatolewa.

Wewe msomaji utasema: mimi si kama huyo. Inawezekana. Lakini jiulize juu ya mkanda wa kusafirisha mawe, siku uliposhikwa na udongo: ulikata umeme, ukatia kufuli na jina lako juu yake, ama uliingiza chuma huku unazunguka ili kazi isisimame? Jiulize juu ya maski uliyoshusha shingoni kwa sababu inakuchelewesha kutoa amri. Vumbi la mwamba lenye silika halikuangushi siku ile. Linaingia kidogo kidogo mapafuni miaka na miaka, linaacha makovu, na ugonjwa huo, silikozi, hauna dawa ya kuuponyesha mpaka leo. Mtu anaweza kupata cheo akiwa na miaka 40, na akiwa na miaka 50 asiweze kupanda ngazi ya biro yake.

Mwili una hesabu yake

Wako watu wanaojivunia kutolala. «Mimi nimeunganisha posti mbili,» wanasema, na wengine wanatikisa kichwa kwa heshima. Sisi wa ukurasa huu hatutikisi kichwa. Mwaka 1997 watafiti wa Australia walionyesha ya kuwa mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, akili na mikono yake inakuwa mizito sawasawa na ya mtu mwenye pombe ya gramu 0,5 katika litri moja ya damu. Hesabu hiyo vizuri: umeamka saa kumi ya asubuhi, unaendesha kamyo saa tatu ya usiku. Hukunywa hata chupa moja, lakini usukani umeshikwa na mlevi. Mlevi wa pombe angerudishwa kwenye mlango wa kazi. Huyu wa pili tunampigia makofi.

Mwezi wa tano mwaka 2021, Shirika la Afya la Dunia pamoja na Shirika la Kazi la Dunia walitoa hesabu nyingine. Mtu anayetumika saa 55 ama zaidi kila juma, hatari yake ya kupata ugonjwa wa kupooza, ule wa mshipa wa damu kuziba ama kupasuka kichwani, inapita kwa 35% ile ya mtu anayetumika saa 35 mpaka 40. Hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo inapita kwa 17%. Walihesabu ya kuwa katika mwaka 2016, watu 745.000 katika dunia nzima walikufa kwa magonjwa hayo mawili juu ya saa nyingi za kazi. Hao hawakuangukiwa na jiwe. Wengi walikuwa watu wazuri wa kazi, waliosifiwa.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, ile ya mwezi wa kumi mwaka 2002, imeweka mpaka wa kawaida: saa 9 kwa siku na saa 45 kwa juma. Zaidi ya hapo ni saa za kuongeza, nazo zina malipo yake na kanuni zake. Waandishi wa sheria hawakuweka mpaka ule juu ya kupenda uvivu.

Tena kuna kuchoka ambako usingizi wa usiku mmoja hauponyeshi. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Dunia lilikuandika kati ya mambo yanayoletwa na kazi, likataja alama tatu. Mtu anakwisha nguvu kabisa. Anaanza kuchukia kazi aliyoipenda, ama kuidharau pamoja na watu wake. Na kazi yake yenyewe inaharibika mikononi mwake. Mama wa nyumba ndiye anayeona wa kwanza: mume anakaa mbele ya bukari bila kula, mtoto akimwuliza neno anafoka, siku ya kupumzika analala mchana kutwa na anaamka amechoka vilevile. Mama, usinyamaze ukisema ni kazi ya wanaume. Mwambie aende kwa mganga, na kama hataki, mwambie rafiki yake wa kazi.

Kamoto haijasahauliwa

Kinachompata mtu mmoja kinaweza kupata kampani nzima. Wazee wetu wanakumbuka mwaka 1986, wakati Gécamines ilipotoa tani karibu 476.000 za shaba. Ilikuwa sifa kubwa. Lakini tani zinaonekana, na matengenezo hayaonekani. Mashini zilizeeka, vipuri havikufika, feza iliyotoka katika shaba haikurudi yote katika shimo. Mwezi wa tisa mwaka 1990, sehemu kubwa ya katikati ya shimo la Kamoto, kule Kolwezi, ikaporomoka. Haikuwa sababu peke yake ya kuanguka kwa kampani. Yalikuja vilevile mambo ya siasa, ya fujo na ya kufukuzana. Lakini mwaka 1994 shaba iliyotoka haikufika hata tani 40.000. Mtu aliyetumika siku zile anaweza kukueleza vizuri kuliko sisi tofauti ya kutoa nyingi na kuwa mzima.

Halafu ukaja mwaka 2003. Watumishi zaidi ya 10.000 wa Gécamines waliondoka kwa mpango ulioitwa kuondoka kwa hiari, kwa feza ya Benki ya Dunia, nyuma ya miezi mingi bila mshahara. Neno «hiari» lilikuwa zuri kwenye karatasi. Tunalitaja hapa si juu ya kuchimbua machungu, lakini kwa sababu siku zile zilionyesha kitu ambacho hakuna kitabu cha usalama kinachokifundisha. Kulikuwa na mtu aliyeitwa shefu miaka 25. Asubuhi moja hakuna mtu wa kumwita shefu. Kama mtu huyu alikuwa shefu tu na hakuwa kitu kingine, amebaki na nini? Wengine walijifungia nyumbani, wakaona haya kukutana na watu waliokuwa chini yao. Pombe ikapata wateja. Na wakati huo bibi zao, ambao hawakuwahi kuwa na cheo cho chote, waliamka usiku kwenda kununua mihogo na makala, wakauza kwenye barabara, wakafanya likelemba, wakalipa shule. Mwanahistoria wa Lubumbashi, Dibwe dia Mwembu, alikuwa amekwisha kuandika juu ya maisha ya jamaa za watumishi katika kitabu chake cha mwaka 2001. Jina lake peke yake linatosha: watoto wa Shaba walioachwa na baba yao.

Lakini walikuwako wengine. Fundi wa kuchomea vyuma alibaki fundi hata bila namba ya kazi. Watu walimfuata nyumbani na milango yao na vyungu vyao. Aliyekuwa mwimbaji wa kanisa, ama mwenye shamba kando ya mto, ama mtu wa kusuluhisha ugomvi katika kambi, aliendelea kuitwa kwa jina lake. Hao nao waliteswa na njaa, tusidanganyane. Ila walikuwa na zaidi ya nguzo moja chini ya dari, na mtu wa shimo anajua maana ya neno hilo.

Na ninyi vijana wa leo

Mashimo mengi yamefunguka upya. Kipushi, iliyosimama mwaka 1993, ilianza tena kutoa mwaka 2024. Lakini vijana wengi hawaandikwi na kampani kubwa yenyewe. Wanatumika kwa makampani madogo yanayokodiwa, kwa mkataba wa miezi michache. Kwao tamaa ya kupanda imechanganyika na woga wa kutoandikwa tena, na mara nyingi hawawezi kuzitenganisha. Kijana anakimbia, anasema anatafuta maendeleo. Ukimwuliza sana unakuta anaogopa tu. Ndugu kijana, jambo hili ni la kutazama kwa macho wazi. Ukitaka kujua linalokusukuma ni lipi, jiulize hivi: kama leo hakuna mtu anayenitazama, ningefanya kazi hii namna gani? Kama ungeifanya polepole na vizuri zaidi, basi unayemtumikia si kazi, ni macho ya watu.

Tamaa iliyo na afya ina alama zake. Inataka kujua, mbele ya kutaka kuitwa. Mtu huyo anauliza sababu gani pampu inapiga kelele, anajifunza kusoma plani, anaandika katika kaye yake. Akipata kijana wa kumfundisha anamfundisha yote, hafichi ufundi ili abaki wa lazima. Sisi tunaona hiki ndicho kipimo kizuri kuliko vyote cha mtu anayestahili kuwa kapita: siku asipokuja, ekipi yake inatumika vizuri ama inasimama? Wako wanaojisifu ya kuwa bila wao hakuna kitu kinachokwenda. Hiyo si sifa. Hiyo ni hatari ya kazi, na ingefaa iandikwe katika kitabu cha ukaguzi.

Mtu huyo vilevile anaweza kusema «hapana, tusimame kwanza» mbele ya shefu, bila kuogopa ya kuwa amepoteza cheo. Ni vigumu, tunajua. Si kila shefu anapenda kusikia. Ndiyo maana afadhali liwe neno la ekipi nzima, lililokubaliwa mbele ya posti kuanza, wakati damu imetulia: jiwe likitoa sauti ya ngoma, tunasimama wote, na hakuna anayeulizwa sababu gani.

Ninyi mashefu, neno moja kwenu. Primu inayolipwa kwa tani peke yake inafundisha watu kuruka kazi zisizo na tani. Na ule ubao wa mlangoni unaohesabu siku zisizo na ajali, ukifungamana na zawadi, nao una ubaya wake: mtu aliyekatika kidole kidogo anafunga kitambaa na kuficha, ili asiwe yeye aliyeharibia wenzake zawadi. Halafu ubao unaonyesha siku 200, na kumbe hospitali ya kambi imeona mengine. Msifuni mtu aliyeleta habari ya jiwe lililolegea mbele ya watu wote, kama mnavyomsifu mwenye kamyo nyingi. Haiombi feza kutoka kwa kampani.

Na jambo la mwisho, la kufanya juma hili hili, hasa wewe uliyepita miaka 35, ama unayetumika posti ya usiku, ama uliyejiona katika habari za Bwana Mbio. Pita hospitali upimwe nguvu ya damu. Haiumi, na ugonjwa wenyewe mara nyingi hauumi, ndiyo sababu watu hawaujui mpaka siku ya kuanguka. Kama namba ya juu inafika 140 ama ya chini inafika 90, rudi siku nyingine upimwe tena. Ikiwa vilevile, usitoke bila kuonana na mganga. Nusu saa mbele ya kupimwa usivute sigara, usinywe kahawa. Na usiingie ukitoka mbio kwenye kamyo ya watumishi: kaa kwanza kwenye benchi dakika 5, mgongo umeegemea ukuta, miguu imekanyaga chini, bila kusema neno. Muuguzi atangoja.